Presha ya tabo isitupumbaze

Mwenye gari lenye tabo akitaka nguvu zaidi, swali la kwanza analokutana nalo gereji ni moja: presha ipandishwe hadi ngapi? Geji hupachikwa juu ya dashibodi, fundi hufupisha au hukaza fimbo ya tabo, au huchezea kompyuta ya injini, sindano hufika mahali ambapo haikuwahi kufika, na kazi huhesabiwa imekwisha. Hoja yangu ni kwamba tunapima kitu kisichostahili kupimwa peke yake. Injini haiishi kwa presha. Inaishi kwa hewa, na hewa hiyo hupimwa kwa uzito: gramu ngapi zimeingia kwenye silinda kila sekunde. Presha ni njia mojawapo ya kuisukuma iingie, na mara nyingi sindano hupanda huku hewa ikiwa imeongezeka kidogo mno, au haijaongezeka kabisa. Mpaka tuanze kuuliza habari za hewa yenyewe, tutaendelea kulipia joto, moshi na gasketi zilizoungua tukidhani tunalipia nguvu.

Nianze na lisilobishaniwa. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kuingiza petroli zaidi ndani ya silinda ni kazi rahisi, pampu na nozeli zinaiweza. Kazi ngumu ni kupata hewa ya kuiunguza, kwa sababu injini isiyo na tabo hujivutia hewa kwa mwendo wa pistoni tu, na haipati zaidi ya ile ambayo mgandamizo wa anga unaisukuma ndani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1905 alipata hataza ya mtambo unaotumia moshi wa injini, moshi ambao hutupwa hewani na joto lake lote, kuzungusha tabini iliyoungwa na kompresa inayoshindilia hewa safi ndani ya injini: ndiyo tabo yenyewe. Ilipita miaka kama 20 kabla wazo hilo halijawa chombo cha kazi. Katikati ya miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, ziliwekewa injini za dizeli za silinda kumi zenye tabo, na nguvu ikapanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500. Silinda zilikuwa zilezile kwa idadi na ukubwa. Hewa ndiyo iliyozidi.

Ushahidi wa pili unatugusa sisi wa nyanda za juu moja kwa moja. Mwaka 1918, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric ya Marekani aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kileleni mwa Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyotoa takriban nguvu farasi 350 tambarare ilibaki na 230 hivi mlimani. Ilipofungwa tabo ikarudi kwenye 350 na kidogo zaidi. Moss hakuwa ameongeza chochote juu ya kile ambacho injini ilikuwa nacho bondeni. Alirudisha hewa iliyokuwa imepotea. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua uzito kwa kama asilimia kumi. Nairobi iko karibu mita 1,800, Mbeya karibu 1,700, na lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba hupita Timboroa, juu ya mita 2,700. Ndiyo maana lori lisilo na tabo huonekana limechoka kabla hata mlima haujawa mkali. Tabo kwa ukanda wetu si anasa ya vijana wapenda kasi, na sitaki makala haya yasomwe kama lawama dhidi yake. Nailaumu tabia ya kuisoma kwa sindano moja.

Sababu ya kwanza ya presha na hewa kuachana ni joto. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na hakuna fundi awezaye kulikwepa hilo, maana ndivyo maumbile yalivyo. Chukua mchana wa Dar es Salaam, nyuzi joto 30, na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70. Ikiongeza bar moja juu ya ile ya anga, yaani ikiifanya presha kuwa maradufu, hewa hutoka na joto la karibu nyuzi 125. Hewa ya moto imetanuka, hivyo uzito wake katika kila lita haukui maradufu. Hukua kwa asilimia 52 hivi. Karibu nusu ya tulichodhani tumekipata imeliwa na joto. Sasa mwenye gari anataka bar 1.4. Kompresa ileile inalazimishwa kufanya kazi nje ya eneo ililoundiwa, na ufanisi wake unashuka, tuseme hadi asilimia 60. Hewa inatoka na joto la zaidi ya nyuzi 170, na uzito wake umefika asilimia 63 juu ya hewa ya kawaida. Ukilinganisha na ile ya bar moja, sindano imepanda kwa asilimia 40 na hewa imeongezeka kwa asilimia saba. Badala yake acha presha ilipokuwa, ukaweka kipoza-hewa kizuri, kile mafundi wanachokiita intakula, kinachoishusha hewa hadi nyuzi 50. Hata kama bar 0.1 itapotea njiani kwa kupenya kwenye mifereji yake, uzito wa hewa unafika asilimia 78 juu ya ile ya anga. Geji sasa inasoma 0.9, chini ya ilivyokuwa mwanzo, na injini ina hewa nyingi kuliko ilivyokuwa kwenye 1.4. Mteja anayelipa kwa kutazama sindano ataondoka akidhani ameibiwa.

Na hapo sijagusa madhara ya joto lenyewe. Katika injini ya petroli, hewa iliyoingia ikiwa ya moto huufanya mchanganyiko ulipuke wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Injini inagonga. Gari la kisasa lina kihisi kinachosikia kugonga huko, na kompyuta huchelewesha cheche ili kuokoa pistoni. Cheche ikichelewa, nguvu hupungua. Kwa hiyo zile asilimia saba za hewa zilizopatikana kwa gharama kubwa ya joto huweza kurudishwa zote kwa mlango wa nyuma, hasa mafuta yakiwa ya oktani ya chini. Gari ambalo kihisi chake kimekufa au kompyuta yake imenyamazishwa haliokolewi, na pistoni hutoboka.

Sababu ya pili ni ngumu kuiona, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowapotosha wengi. Geji inapima msongamano kwenye bomba la kuingizia hewa, na msongamano hutokea pale njia ya mbele inapokuwa nyembamba kuliko kinachosukumwa. Ukibana mpira wa maji kwa kidole, presha nyuma ya kidole hupanda na maji yanayotoka hupungua. Injini nayo ina vidole vyake: vali, njia za kichwa cha silinda, na zaidi ya vyote bomba la moshi. Tabini ndogo huwahi kuzunguka, hivyo gari hupata presha mapema, lakini kasi ikipanda tabini hiyo hugeuka kizibo. Moshi hurundikana kati ya injini na tabini hadi presha yake inaizidi ile ya hewa inayoingia. Vali ya kuingizia inapofunguka, silinda bado ina moshi uliokwama, na hewa safi haina pa kukaa. Fundi akikaza fimbo ili mlango mdogo wa kuchepushia moshi ubaki umefungwa, sindano itapanda, na kizibo kitazidi kukaza. Mwingine anayefanya kinyume, akapanua bomba la moshi na kulainisha njia za hewa, anaweza kuiona sindano ikishuka huku gari likivuta vizuri zaidi, kwa sababu hewa haikwami tena.

Anayeona haya ni hesabu za darasani aangalie mbio za magari, mahali ambapo kila nguvu farasi moja hutafutwa kwa fedha nyingi na ambapo Afrika Mashariki si mgeni. Toyota Celica zenye tabo zilishinda Safari Rally ya Kenya miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Ian Duncan, dereva wa Kenya, akashinda kwa Celica yenye tabo na magurudumu manne yanayovuta. Magari ya aina hiyo yalipozidi kuwa na nguvu, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, lilitafuta namna ya kuyadhibiti. Njia liliyoitegemea zaidi ni tundu. Kila gari la tabo lilitakiwa kuvuta hewa yake yote kupitia tundu lenye kipenyo maalumu, lililowekwa kabla ya kompresa. Kufikia 1995 kipenyo hicho kilikuwa milimita 34. Hewa inapopita kwenye koo la tundu hilo haiwezi kuzidi kasi ya sauti, na ikishaifikia, hakuna tabo duniani inayoweza kuvuta gramu moja zaidi kwa sekunde. Katika kipenyo cha milimita 34 gramu hizo ni kama 200, na gramu 200 za hewa, zikiunguzwa vizuri, hutoa nguvu farasi 300 hivi. Ndicho kiwango ambacho magari yale yalihesabiwa kuwa nacho. Wahandisi walikuwa huru kushindilia presha kubwa injini inapozunguka polepole, nao walifanya hivyo, na magari yakapata msukumo mkubwa wa kutoka kwenye kona. Lakini kilele cha nguvu kilibaki palepale, kwa sababu hewa ilibaki palepale.

Mwaka huohuo wa 1995, katika mbio za Catalunya nchini Hispania, wakaguzi waligundua kwamba Celica za timu ya Toyota ya Ulaya zilikuwa na mtambo uliofichwa ndani ya kishikilio cha tundu. Ukifungwa mahali pake, ulilisogeza tundu na kuiachia hewa ya ziada ipite pembeni, hewa iliyokadiriwa kufika robo zaidi ya iliyoruhusiwa. Timu ilifungiwa kwa mwaka mzima. Jambo linalonigusa katika kashfa hii ni kile walichochagua kukiiba. Watu waliokuwa na maarifa yote ya presha, waliokuwa tayari kuhatarisha jina lao, walikwenda kuiba hewa. Uthibitisho wa upande wa haki ulikuja mwaka 2017, pale kanuni za mbio za dunia zilipolipanua tundu la injini za lita 1.6 kutoka milimita 33 hadi 36. Kikomo cha presha, bar 2.5, hakikuguswa. Nguvu ilipanda kutoka zaidi kidogo ya farasi 300 hadi karibu 380. Ukipiga hesabu ya eneo la duara hizo mbili utakuta limekua kwa asilimia 19, na nguvu imekua karibu sawasawa na hapo.

Najua jibu la anayepinga. Atasema: mbona magari ya Formula 1 ya miaka ya 1980 yalifanya maajabu kwa presha? Ni kweli. Mwaka 1986 injini ya BMW ya lita moja na nusu ilipewa zaidi ya bar tano wakati wa kutafuta nafasi za kuanzia, na nguvu yake ilivuka farasi 1,000. FIA ikaona hatari, ikaweka kikomo cha bar nne mwaka 1987, bar 2.5 mwaka 1988, na mwaka 1989 tabo zikapigwa marufuku. Sikatai kwamba presha ikipanda sana hewa nayo hupanda. Ningekataa hesabu zangu mwenyewe. Lakini injini zile za kutafutia nafasi hazikutarajiwa kuishi zaidi ya mizunguko michache, zilinyweshwa mafuta maalumu ya kuzuia kugonga, na kila kilichozizunguka, kuanzia kipoza-hewa hadi bomba la moshi, kilitengenezwa upya ili hewa ile ipite. Anayechukua presha peke yake kutoka kwenye kifurushi kile na kuiweka kwenye gari la kubeba watoto kwenda shule amechukua sehemu inayovunja na kuiacha ile inayojenga.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wapo wanaosema viwanda huacha akiba, kwamba gari limetoka kiwandani likiwa na uwezo wa presha zaidi, na kwamba wamelipandishia na linakimbia. Akiba ipo. Swali ni imewekwa kwa ajili ya nini. Mhandisi huiacha kwa ajili ya siku ya joto kali, mafuta mabaya, chujio lililojaa vumbi, oili iliyopitiliza muda na mlima mrefu, na gari la kwetu hukutana na hayo yote katika wiki moja. Mlima peke yake unatosha kuila. Geji nyingi za kupachika hupima tofauti kati ya bomba na anga ya mahali ulipo. Dar es Salaam, bar moja kwenye geji ni bar mbili kamili ndani ya bomba. Timboroa, ambako anga ina kama bar 0.73, bar ileile moja kwenye geji ni 1.73. Sindano imesimama palepale na injini imepungukiwa zaidi ya asilimia 13 ya presha, ingawa ubaridi wa huko hurudisha kiasi. Na ili kuifikisha sindano hapo, kompresa imelazimika kuzidisha presha karibu mara 2.4 badala ya mara mbili, kwa kuzunguka kasi zaidi. Tabo ya gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hata katika kazi ya kawaida. Aliyeipandisha hadi ukingoni pwani, akapanda nayo bara, ameivusha ukingo bila kujua.

Kuna watakaosema dizeli ni habari nyingine, na kwa sehemu wana haki. Dizeli huungua penye hewa ya ziada, haina kugonga kule kwa petroli, na hewa zaidi huipoza. Lakini kwa dizeli hoja yangu inazidi nguvu. Ukiongeza hewa bila mafuta, nguvu haiongezeki. Ukiongeza mafuta bila hewa, unapata moshi mweusi, ambao ni mafuta uliyoyalipia yakitoka bila kuungua. Lori linalopanda mlima wa Kitonga likiacha wingu jeusi nyuma yake linatangaza kwamba pampu imefunguliwa kuliko hewa iliyopo. Mara nyingi chanzo ni kidogo: mpira kati ya kompresa na kipoza-hewa umepasuka, au mapezi ya kipoza-hewa yameziba tope. Presha inashuka, dereva analalamika, na fundi anayeamini sindano anakaza fimbo ya tabo mpaka geji irudi ilipokuwa. Tabo sasa inafanya kazi ya kulisha injini na kulisha ule mpasuko pia. Inazunguka kupita kiasi, inatoa hewa ya moto, na kabla ya miezi mingi mhimili wake umelegea na oili inavuja. Anayevuta moshi huo ni mtembea kwa miguu, mwenye kibanda cha mahindi kando ya barabara na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Kwao suala hili halijawahi kuwa la mashabiki wa magari.

Limebaki pingamizi la gharama: kwamba hewa haipimiki kwa vifaa vya gereji ya kawaida, na kwamba kukaza fimbo ni rahisi kuliko kununua kipoza-hewa. Magari mengi ya petroli tunayoyaagiza kutoka Japani yana kihisi cha hewa kwenye bomba la kuingizia, na kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, ambacho mafundi wengi wanacho tayari kwa kutafuta hitilafu, huonyesha gramu za hewa kwa sekunde. Kwa gari la kawaida la petroli, kila gramu 100 kwa sekunde ni takriban nguvu farasi 125. Fundi akiendesha gari kwa nguvu zote kabla ya kazi na baada ya kazi, akaandika tarakimu mbili hizo pamoja na joto la hewa baada ya kipoza-hewa, mteja atajua alichonunua. Injini ya dizeli isiyo na kihisi hicho inaweza kukaguliwa kwa kupima presha kabla na baada ya kipoza-hewa, kukagua mipira kwa povu la sabuni, na kutazama moshi mlimani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozidi bei ya tabo moja iliyokufa.

Kwa hiyo ningependa swali la gereji libadilike. Mteja aulize gari lake linavuta hewa kiasi gani, inaingia na joto gani, na ni kitu gani kinaizuia, kisha ataje nguvu anayoitaka. Chujio, mipira, kipoza-hewa na bomba la moshi vishughulikiwe kwanza, vipimo vichukuliwe, na fimbo ya tabo iguswe mwisho, ikibidi. Wakufunzi wa vyuo vya ufundi wawafundishe vijana kusoma ramani ya kompresa, mchoro unaoonyesha kwa kila kiasi cha hewa na presha ufanisi ni asilimia ngapi, kwa uzito uleule wanaofundishwa kupanga vali. Na vituo vya ukaguzi wa magari vinapolikamata lori kwa moshi, karatasi ya kosa itaje mahali hewa inapopotelea, ili mwenye lori ajue arekebishe nini kabla hajarudi barabarani.